Arkwright: Istilahi ya Ufundi Iliyogeuka Jina la Ukoo

Kila mwalimu aliyewahi kusomesha Mapinduzi ya Viwanda amelitamka jina la Richard Arkwright, na kila mfasiri wa vitabu vya historia amelinakili jinsi lilivyo, kwa kuwa majina ya watu hayafasiriwi. Kanuni hiyo ni sahihi, nasi hatuna nia ya kuivunja. Hata hivyo jina hili, ambalo ni adimu huko Uingereza kwenyewe, lilikuwa kwanza istilahi kamili ya ufundi, na mtu akilifungua hukuta ndani yake neno ambalo Kiingereza sanifu kimeliacha katika maana yake ya kazi. Katika makala haya tunakusudia kueleza asili ya jina hilo, jinsi lilivyoenea na kuhama, na mahali ambapo laweza kumpotosha mfasiri.

Tuanze na nusu ya pili, maana ndiyo nyepesi. "Wright" latokana na neno la Kiingereza cha Kale "wyrhta", yaani mtenda kazi, lenye mzizi mmoja na kitenzi cha kufanya kazi. Halina uhusiano wowote na kuandika wala na usahihi, ingawa maneno hayo matatu hutamkwa leo kwa sauti moja. Lilitumika karibu kama tulitumiavyo sisi neno "fundi" linapotangulia jina la kitu: fundi saa, fundi viatu, fundi cherehani. Muundaji wa magurudumu aliitwa "wheelwright", wa vyombo vya bahari "shipwright", na wa mitambo ya vinu "millwright". Istilahi hii ya mwisho ingali hai, kwani huko Kanada ndiyo jina la fundi wa mitambo ya viwandani. Katika karne ya 17 kiungo hicho kilikuwa bado na nguvu ya kuzaa, kikatumika kuunda neno "playwright", mtunzi wa tamthilia. Wengi wa wanaojifunza Kiingereza hudhani kwamba mtunzi huyo ameitwa hivyo kwa kuwa anaandika. Sivyo, ameitwa hivyo kwa kuwa anaunda mchezo kama seremala aundavyo gari la ng'ombe.

Nusu ya kwanza ndiyo yenye mtego. Msomaji wa leo akiliona neno "ark" hukumbuka mara moja chombo cha Nuhu, na akiwa mcha Mungu hukumbuka pia sanduku la agano. Kiebrania kilikuwa na maneno mawili mbalimbali kwa vitu hivyo viwili, "tevah" kwa chombo cha Nuhu na "aron" kwa sanduku la agano. Biblia ya Kilatini ikavijumuisha vyote katika neno moja "arca", lenye maana ya kasha, na Kiingereza kikarithi mkanganyo huo pamoja na neno lenyewe. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili walivitenganisha tena: safina kwa Nuhu, sanduku kwa agano. Katika jambo hili Kiswahili kimekuwa karibu na Kiebrania kuliko Kiingereza kilivyo, na yafaa tuwape wafasiri hao heshima yao.

Basi mtu mwenye haraka angeweza kusema kwamba Arkwright wa kwanza alikuwa muunda safina. Lakini huko kaskazini ya Uingereza "ark" lilikuwa na maana ya tatu, ya nyumbani kabisa, ambayo haikutoka kanisani. Lilikuwa kasha kubwa la kuhifadhia unga au nafaka. Liliundwa kwa mbao za mwaloni zilizopasuliwa kwa kabari badala ya kukatwa kwa msumeno, zikachomekwa ubavu kwa ubavu katika mifuo na kukazwa kwa vigingi vya mti bila msumari. Miguu ilikuwa mirefu ili kuliinua kasha mbali na unyevu wa sakafu na panya, na aghalabu kifuniko kilikuwa na mgongo kama paa. Huo ni ufundi maalumu, na aliyeushika hakuwa seremala wa kila kitu. Kwa kazi ya nyumbani twaweza kulilinganisha kasha hilo na kilindo au kihenge, vyombo ambavyo vijana wetu wa mijini sasa wanavisoma katika kamusi kuliko wanavyoviona jikoni.

Kwa nini ufundi huo uzae jina kaskazini? Sehemu kubwa ya Lancashire na milima ya Pennine ina baridi na mvua nyingi, na ngano haikustawi humo vizuri kama kusini. Wenyeji walikula oti, wakazisaga na kuoka mikate myembamba, na unga wake ulihitaji kasha imara la kudumu. Kitu kilikuwa cha lazima, neno likawa la kila siku, na fundi wake akajulikana kwa neno hilo. Kusini watu walikuwa na makasha vilevile, lakini waliyaita kwa maneno mengine kama "coffer" na "hutch"; kwa hiyo fundi wa kusini hakuweza kuwa Arkwright hata kama mikono yake ilifanya kazi ile ile.

Hili si jambo la pekee. Mfano ulio mashuhuri zaidi ni wa kazi ya kukanyaga nguo ya sufi katika maji na udongo ili nyuzi zishikamane. Kazi ilikuwa moja nchi nzima, lakini mfanyaji wake aliitwa "fuller" kusini-mashariki, "tucker" kusini-magharibi, na "walker", yaani mtembeaji, kaskazini na magharibi ya kati. Mataifa yenye kamati za istilahi yangeiita hali hiyo ukosefu wa usanifishaji. Hakuna kamati iliyokaa. Mashine za vinu zilipochukua nafasi ya miguu maneno yote matatu yalipungukiwa na kazi, na leo yamebaki zaidi kama majina ya watu: Fuller, Tucker, Walker. Mwanahistoria akiyatia majina hayo katika ramani hupata mipaka ya lahaja za zamani, tena kwa usahihi ambao vitabu vya zama hizo visingempa.

Jina la Arkwright laonekana katika hati za mahakama za Lancashire tangu karne ya 13. Wakati huo lilikuwa bado ni maelezo ya mtu: fulani, muunda makasha. Mwanawe akifanya kazi nyingine angeweza kuitwa jina jingine. Kurithisha majina kulianza kusini na kwa matajiri, kukafika kaskazini kwa kuchelewa, na katika baadhi ya sehemu desturi hiyo ilikuwa haijatulia hata katika karne ya 15. Makarani walichangia pakubwa. Kodi za kichwa za miaka ya 1377, 1379 na 1381 ziliwalazimu kuwatambulisha watu kwa majina yasiyochanganyika, na kuanzia 1538 kila parokia iliamriwa kuweka daftari la ubatizo, ndoa na maziko. Neno likishaandikwa na karani mara tatu kwa baba, mwana na mjukuu, huacha kuwa istilahi hata kama mjukuu huyo ni mchunga kondoo.

Hapo ndipo tofauti ya majina mengi na majina adimu inapoanza. Mhunzi alikuwako karibu kila kijiji, ndiyo maana Smith wamejaa nchi nzima bila ya kuwa na nasaba moja. Waunda makasha walikuwa wachache, katika sehemu chache, na wale waliobahatika kuwa na wajukuu wa kiume walikuwa wachache zaidi. Jina la namna hii lina faida kubwa kwa mtafiti: likionekana mahali, kuna sababu, na sababu hiyo mara nyingi yaweza kufuatiliwa.

Richard Arkwright alizaliwa Preston, Lancashire, mwaka 1732, katika familia ya watoto wengi na mali kidogo. Hakuwa seremala. Alikuwa kinyozi na mtengenezaji wa nywele za bandia, aliyefanya kazi Bolton na kuzunguka akinunua nywele. Akashirikiana na John Kay, fundi saa wa Warrington, na mwaka 1769 akapata hataza ya mashine ya kusokota uzi wa pamba. Mwaka 1771 yeye na washiriki wake walianza kujenga kinu huko Cromford, Derbyshire, kilichoendeshwa kwa nguvu ya maji. Wapinzani wake walidai mahakamani kwamba uvumbuzi haukuwa wake, na mwaka 1785 hataza zake zikafutwa. Mwaka uliofuata alitunukiwa cheo cha Sir, na alipofariki mwaka 1792 alikuwa tajiri mkubwa. Sisi twaona ajabu nyingine. Mwaka ule ule wa 1785 Edmund Cartwright alipata hataza yake ya kwanza ya mashine ya kufuma. Mmoja ana jina la muunda makasha, wa pili jina la muunda mikokoteni, na kwa mashine zao ufundi wa mikono uliokuwa umezaa majina ya namna hiyo kwa karne nyingi ulianza kusukumwa kando. Tangu hapo kazi mpya hazikuzaa majina ya ukoo. Uingereza ina akina Webster na Weaver, kutokana na wafumaji wa mikono, lakini haina ukoo uitwao kwa jina la mwangalizi wa mashine ya kusokota.

Viwanda vililihamisha jina kwa njia mbili zisizofanana. Njia ya kwanza ni ya wanyonge. Preston palikuwa na watu karibu 12,000 mwaka 1801, na karibu 69,000 mwaka 1851. Watu hao walitoka wapi? E. G. Ravenstein, katika uchunguzi wake wa mwaka 1885 juu ya sheria za uhamaji, alionyesha kwamba wahamiaji wengi husafiri masafa mafupi tu: kutoka shambani hadi mji wa jirani. (Huyu ni yule yule mchora ramani aliyeandika utangulizi wa historia ya ugunduzi katika kitabu cha safari za Krapf, mtunga kamusi ya Kiswahili, mwaka 1860.) Kanuni yake yaeleza vema jambo ambalo lingeweza kushangaza: tufani yote ile ya viwanda ilipopita, sensa ya 1881 iliwakuta akina Arkwright wengi wangali Lancashire. Walikuwa wamehama, lakini ndani ya jimbo lao, kutoka vijijini kuingia katika miji ya pamba.

Kwa sababu hiyo hatuoni kuwa njia ya H. B. Guppy yatufaa hapa. Katika kitabu chake cha mwaka 1890 juu ya makazi ya majina ya Uingereza aliwahesabu wakulima peke yao, kwa hoja kwamba mkulima hukaa alipokaa babu yake. Hoja ni nzuri kwa majina ya mashambani. Kwa jina ambalo wenyewe waliingia mijini mapema, sensa ndiyo shahidi bora.

Njia ya pili ni ya matajiri, nayo haikufuata kanuni ya Ravenstein hata kidogo. Richard mdogo, mwana wa mwenye Cromford, alinunua mashamba na majumba mbali na moshi wa viwanda: Hampton Court katika Herefordshire mwaka 1810, Mark Hall katika Essex, Sutton Scarsdale katika Derbyshire na mengineyo, na wanawe wakawekwa humo kama mabwana wa nchi. Hivyo katika ramani ya majina ya karne ya 19 huonekana vitone vya Arkwright kusini, katika sehemu ambazo neno "ark" halikupata kumaanisha kasha la unga. Asiyejua habari ya ununuzi huo angeweza kuvichukua vitone hivyo kuwa ushahidi wa lahaja, naye angekosea kabisa. Kwa akina Walker au Tucker vitone vichache vya namna hiyo humezwa na wingi; kwa jina adimu ukoo mmoja wenye fedha waweza kuipinda ramani nzima.

Zaidi ya hapo kuna majina ya mahali. Mji mdogo wa Arkwright katika jimbo la New York uliundwa mwaka 1829 na kuitwa kwa heshima ya mwenye viwanda, wala si kwa sababu ukoo huo ulihamia huko. Huko Derbyshire kijiji cha wachimba makaa kiliitwa Arkwright Town kwa ajili ya mabwana wa Sutton Scarsdale. Mwaka 1988 gesi ya methani ilivuja humo kutoka mgodini, na katika miaka ya 1990 wakazi wakajengewa kijiji kipya ng'ambo ya barabara, jina likahamishwa pamoja na watu.

Kwa masikio ya Waingereza jina lingali la kaskazini. Watunzi wa vipindi wanalijua hilo: mwenye duka bahili katika mchezo wa televisheni wa BBC ulioonyeshwa kati ya miaka ya 1973 na 1985, "Open All Hours", aliitwa Arkwright, na jina peke yake lilimtambulisha kabla hajafungua kinywa.

Kwa upande wa tafsiri, basi, jina la mtu libaki Arkwright. Pale matini inapoizungumzia kazi yenyewe twapendekeza "fundi makasha", na chombo kiitwe "kasha la unga". Sanduku latokana na Kiarabu na kasha na Kireno, yote mawili ni yetu sasa, lakini la kwanza limekwisha kushikwa na agano katika muktadha huu. Safina aachiwe Nuhu.