Papa Wemba: namna sauti yake ilibadilika kutoka Matonge mpaka ku studio za Ulaya

Kila juma vijana wa huku kwetu, wa Nyangwe, Kasongo na Kabambare, wanaletaka nyimbo zao ku radio mu kadi ndogo ya simu. Nyingi zimetengenezwa na ordinateri: ngoma ya mashini, sauti imenyooshwa, gitari hakuna. Wengine wanauliza: tusafishe sauti namna gani ili watu wa mbali watusikilize, bila kupoteza watu wa hapa? Ulizo hilo si jipya. Papa Wemba alipambana nalo karibu miaka makumi tatu, na safari yake inaweza kutusaidia kufikiri.

Jina lake kamili ni Jules Shungu Wembadio Pene Kikumba. Alizaliwa tarehe 14 Juni 1949 huko Lubefu, mu Sankuru, jirani na Maniema yetu. Alikuwa Mutetela, na Kitetela ni ndugu ya Kikusu kinachosemwa huku. Mama yake alikuwa mwimbaji wa matanga: watu walimuita kuimba na kulia kwenye kilio. Ile sauti ya juu ya Papa Wemba, inayopanda sawa mutu anayelia, ilitoka kwa mama. Mwenyewe alisema hivyo mara nyingi.

Muziki wa jukwaa

Mwishoni mwa mwaka 1969, mu Kinshasa, alikuwa kati ya vijana walioanzisha Zaïko Langa Langa. Orkestra za wakubwa, sawa vile za Franco na Tabu Ley, zilikuwa na tarumbeta na saksofoni. Vijana wa Zaïko waliacha vyombo vya kupuliza. Waliweka mbele gitari, ngoma na vilio vya kuchezesha watu. Wimbo ulianza polepole na maneno, kisha sebene ikaingia na watu wote wakasimama.

Alitoka Zaïko mu 1974, akapitia Isifi Lokole na Yoka Lokole, halafu mu 1977 akaanzisha kundi lake, Viva La Musica, mu Matonge. Siku zile kurekodi hakukuwa kazi ya miezi. Kundi lilizoea wimbo mbele ya watu, kisha wanaingia studio na kupiga wote pamoja. Disiki ndogo ilikuwa na pande mbili: mara nyingi maneno upande moja na sebene upande mwingine. Kosa ndogo lilibaki ndani, na hakuna mutu aliyelalamika, kwa sababu joto la jukwaa lilikuwamo pia.

Kuingia mu studio za Ulaya

Mu miaka ya 1980 alianza kufanya kazi sana Paris. Alifika na Japani kwa kuimba mu 1986, na mwaka uliofuata sinema *La Vie est belle*, ambamo yeye njo mucheza mukubwa, ilimufanya ajulikane zaidi. Albamu ya 1988 iliyoitwa jina lake ilitayarishwa na Mufaransa Martin Meissonnier, na ndani yake vyombo vya umeme vinasikika wazi kuliko zamani.

Hatua kubwa ilikuja na Peter Gabriel, mwimbaji wa roki wa Uingereza aliyekuwa zamani mu kundi la Genesis. Gabriel alianzisha kampuni ya disiki Real World mu 1989 juu ya kutoa muziki wa inchi mbalimbali. Papa Wemba alitoa kwao albamu tatu: *Le Voyageur* mu 1992, *Emotion* mu 1995 na *Molokai* mu 1998. Mu 1993 alisafiri na Gabriel, akifungua konsere zake mu sale kubwa mbele ya watu wasiojua Lingala wala sebene.

*Emotion* njo albamu iliyosafishwa kupita zote. Mutayarishaji wake alikuwa Stephen Hague, mutu aliyefanya kazi na makundi ya popu sawa Pet Shop Boys na New Order. Mu studio ya namna ile kila mutu anapigaka sehemu yake peke yake, na vifaa vya kusikilizia masikioni. Kosa linafutwa, linarudiliwa. Kisha mutayarishaji anapanga sauti zote: hii mbele, ile nyuma. Wimbo unakuwa mufupi, wa dakika nne ao tano, ili radio za Ulaya ziweze kuupitisha. Papa Wemba aliimba hata wimbo wa Otis Redding, Mumarekani mweusi.

Alipata nini, alipoteza nini

Alichopata kinaonekana. Ile sauti ya mama yake ilisikika wazi, bila kufunikwa na gitari ine. Wimbo *Yolele* ulifika kwa watu ambao hawajawahi kukanyaga Kinshasa.

Lakini wapenzi wengi wa zamani walijiuliza: sebene iko wapi? Kwa Mukongo, sebene si pambo la mwisho. Njo pahali ambapo wachezaji wanaingia na mwenye kilio anaita majina. Ukiikata ili wimbo utoshe mu dakika ine, umekata nafasi ya yule anayecheza. Mutu wa London aliyekaa kwenye kiti haoni pengo. Mutu wa Matonge analiona mara moja.

Papa Wemba alijua hilo, na hakuchagua upande moja. Alishika njia mbili kwa wakati moja: kundi la kimataifa kwa Wazungu, na Viva La Musica kwa Wakongo. Mu 1996, mwaka moja tu baada ya *Emotion*, alitoa *Wake Up* pamoja na Koffi Olomide, muziki wa kuchezesha Kinshasa.

Na mu *Molokai* alirudi nyuma kidogo kwa akili. Jina ni la mtaa wake wa Matonge. Alichukua tena nyimbo zingine za zamani, na wanamuziki walipiga pamoja mu studio sawa vile wako kwenye jukwaa. Vyombo vilikuwa vya Ulaya, usafi ulikuwa wa Ulaya, lakini watu walikuwa wanaangaliana machoni.

Alikufa tarehe 24 Aprili 2016, akianguka jukwaani mu Abidjan, mbele ya watu.

Kwa vijana wetu

Safari hii haisemi kwamba ordinateri ni mbaya. Papa Wemba hakuogopa mashini. Inasema kwamba kusafisha ni kazi ya mwisho, si ya kwanza. Yeye aliingia Real World akiwa na miaka zaidi ya makumi mbili ya jukwaa, na sauti ambayo mashini haikumupa.

Kwa hiyo, kabla ya kunyoosha sauti, pigeni wimbo mbele ya watu, kwenye ndoa ao kwenye soko. Muone ni wapi wanasimama kucheza. Sehemu ile musiikate. Mukitaka wimbo mufupi wa radio, tengenezeni mbili: moja ya kusikiliza, moja ya kucheza. Na kama mama ao nyanya anaimbaka kwenye kilio huko nyumbani, mukae karibu mumusikilize.