Mboga za Majani na Mtoto Mteuzi

Nyumba yenye mtoto wa miaka miwili haikosi kesi ya mchicha. Jana alikula kila alichopewa. Leo amekaza midomo, amegeuza uso, na tonge lenye majani larudi sahanini. Wako wasemao kwamba huo ni ukaidi wa watoto wa siku hizi. Sivyo. Mtoto aliyekwisha kuanza kutembea huogopa chakula asichokizoea, tena ulimi wake huukataa upesi uchungu wa majani. Basi yafaa tuitazame historia ya vyungu vyetu, tuone jinsi uchungu huo ulivyopata dawa.

Mboga nyingine ni za kale katika ardhi hii. Wagogo huchuma mlenda, huukausha na kuutwanga, ukawafaa wakati wa kiangazi. Utelezi wake huliwezesha tonge la ugali kushuka kooni bila taabu. Mgagani ni mchungu, lakini huko magharibi ya Kenya hutiwa maziwa, na uchungu ukapungua.

Mboga nyingine ni wageni. Mhogo na karanga asili yao ni Marekani ya Kusini, na mhogo uliletwa Afrika na Wareno baada ya mwaka 1500. Minazi nayo ilivuka bahari kutoka Asia. Kwa hiyo kisamvu cha karanga, au cha nazi, ambacho leo twakiita chakula cha asili, hapo zamani hakikujulikana na babu zetu. Kilipasa kujifunzwa: majani yatwangwe kinuni, yachemshwe sana hata sumu yake itoke, ndipo yaungwe. Taifa zima lilikuwa kama mtoto mbele ya mboga mpya, likaizoea kidogo kidogo.

Elimu ya leo yaonyesha kwamba uungaji huo una faida mbili. Mafuta ya karanga na ya nazi hulainisha ladha, na papo hapo huusaidia mwili kupokea asili ya vitamini A iliyomo katika majani ya kijani. Mtoto akiikosa vitamini hiyo, macho yake hudhurika, hata huweza kupofuka, na maradhi humshinda kwa urahisi. Ndiyo maana suala hili si dogo. Taasisi ya Chakula na Lishe iliundwa Tanzania mwaka 1973, na mwaka 1975 kampeni ya Chakula ni Uhai iliwakusanya watu wazima vijijini, wakasikiliza redio na kujadiliana juu ya mlo bora.

Lakini mafunzo ya watu wazima hayamfikii mtoto ila kwa kupitia sinia. Katika kula pamoja, mtoto huona mkono wa mama, wa kaka na wa bibi ukichovya mboga ile ile, naye hutaka kuiga. Tukimtenga na sahani yake, tukampa uji wa sukari kila akataapo, twamfundisha kwamba kukataa kuna malipo. Tukimlazimisha kwa kofi, twamfundisha kuichukia mboga maisha yake yote.

Njia ya katikati ni subira. Majani yakatwe madogo, yaungwe vizuri, yawekwe kiasi cha ncha ya kidole kando ya chakula akipendacho, nasi tule mbele yake kwa furaha. Akikataa, tusigombe, kesho tumpe tena. Huenda akahitaji kuionja mara kumi au zaidi kabla ya kuikubali. Haba na haba hujaza kibaba.

Walimu wenye bustani shuleni, na wanafunzi wenye wadogo zao nyumbani, wanayo kazi hapa. Mkubwa akisema mbele ya mdogo wake kwamba matembele ni chakula cha maskini, amekwisha kulitupa tonge la mtoto huyo kabla halijafika kinywani.