Warusha roketi walioishtaki serikali na kushinda

Mwaka 2027 chama cha kitaifa cha warusha roketi nchini Marekani, NAR, kinatimiza miaka 70. Bila shaka sherehe zitapambwa kwa picha za watoto wakihesabu "tano, nne, tatu" huku viroketi vya karatasi vikipaa. Ni picha nzuri, lakini sura ya historia hii inayofaa kusomwa kwa sauti ni nyingine. Ni ya watu wazima walioshinda gereji wikiendi nzima wakiunda roketi ndefu kuliko wao wenyewe, wakaambiwa na serikali kwamba fueli wanayotumia ni kilipuzi. Walikwenda mahakamani, na kesi ikadumu miaka tisa.

Anayetaka kujua mwanzo wa mambo hukimbilia kitabu cha G. Harry Stine, Handbook of Model Rocketry, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1965. Stine alifanya kazi katika uwanja wa majaribio ya makombora wa White Sands, New Mexico, na alikuwa miongoni mwa waasisi wa mchezo huu. Mwamba ngoma huvutia kwake, lakini sifa ya kwanza Stine anampa mtu mwingine: muuza viatu.

Orville Carlisle alikuwa na duka la viatu mjini Norfolk, Nebraska, na mapenzi yake makubwa yalikuwa fataki. Mwaka 1954 ndugu yake, Robert, alitaka kifaa cha kuonyesha katika mihadhara yake kuhusu urukaji. Orville akamuundia roketi nyepesi ya karatasi na mbao za balsa, yenye mota ya baruti inayobadilishwa kila baada ya mruko na mwavuli wa kuirudisha chini salama. Mapema mwaka 1957 alisoma makala ya Stine kuhusu hatari ya vijana kujitengenezea roketi, akamwandikia na kumtumia sampuli.

Barua ile ilifika kwa wakati wake. Oktoba 4 mwaka huohuo Warusi walirusha Sputnik, na vijana wa Marekani wakaanza kushindilia kemikali ndani ya mabomba ya chuma. Wapo waliopoteza vidole, wapo waliopoteza macho, wapo waliokufa. NAR iliundwa mwaka huo. Mwaka 1959 Vernon Estes wa Denver akaunda mashine aliyoiita Mabel, iliyotoa mota moja kila sekunde tano na nusu. Tangu hapo kijana hakuwa na sababu ya kugusa baruti kwa mkono. Masharti yalikuwa makali: roketi isizidi gramu 453, fueli isizidi gramu 113, na asiwepo wa kujichanganyia kemikali.

Watoto wa miaka ya Sputnik wakakua, na gramu 453 zikawabana. Kikundi cha vijana wa Pennsylvania kilichoanzishwa mwaka 1964 kwa jina la Tripoli kilikuja kuwa chama cha taifa cha roketi kubwa. Mwaka 1982 wapenzi wa roketi hizo walikutana Medina, Ohio, katika mkutano walioupa kwa utani jina la LDRS, yaani roketi kubwa na za hatari. NAR, iliyojenga heshima yake juu ya usalama, iliwatazama kwa jicho la pembeni kabla ya kukubali kwamba wimbi hilo halizuiliki.

Ukubwa wa mota hupimwa kwa herufi, na kila herufi ina ukomo mara mbili ya iliyotangulia. Kuanzia H, yaani zaidi ya nyutoni-sekunde 160, umeingia kwenye roketi za nguvu kubwa. Mota ya M inaweza kuwa na nguvu mara 4,096 ya mota ya A ambayo mtoto hurusha uwanjani. Fueli nayo si baruti tena. Ni perklorati ya amoniamu na unga wa alumini vilivyoshikamanishwa kwa mpira, jamii ileile iliyosukuma roketi za pembeni za chombo cha Space Shuttle.

Roketi ya namna hiyo huundwa polepole. Bomba la mwili ni la karatasi ngumu au faiba. Mapezi ya plaiwudi hayabandikwi juu juu. Hupenyezwa kwenye mikato ya bomba la nje hadi yaguse bomba la ndani linaloshika mota, kisha kila kiungo hupakwa epoksi na kulainishwa kwa kidole chenye glavu au kijiti cha aiskrimu, mpaka kona iwe na mviringo usio na kiputo. Juu hukaa altimita inayosoma kanieneo ya hewa kupitia vitundu vidogo ubavuni. Roketi ikifika kileleni, altimita hufungua mwavuli mdogo ili chombo kishuke kwa kasi bila kupeperushwa mbali. Kikikaribia ardhi, hufungua ule mkubwa.

Wala huendi dukani ukachukua mota unayotaka. Vyama vina ngazi tatu za vyeti: H na I, J hadi L, ambayo ina mtihani wa kuandika, na M kwenda juu, ambapo wakaguzi hupitia michoro yako kabla hujarusha. Katika kila ngazi roketi lazima uwe umeiunda mwenyewe, na irudi ikiwa nzima. Ikirudi imevunjika pezi, umefeli.

Basi na tuje kwenye ugomvi wenyewe. Idara ya serikali kuu inayosimamia pombe, tumbaku, silaha na vilipuzi, ATF, ilikuwa imeweka fueli hiyo kwenye orodha yake ya vilipuzi. Mwanzoni wanamichezo hawakubughudhiwa sana. Idara ilipoanza kukaza kamba, Tripoli na NAR, mahasimu wa jana, wakaungana na kufungua kesi mjini Washington Februari 2000.

Mwaka uliofuata yakatokea mashambulizi ya Septemba 11, na mwaka 2002 Bunge likapitisha sheria mpya ya vilipuzi. Kuanzia Mei 2003, mtu aliyetaka mota kubwa alitakiwa kuwa na kibali, kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Seneta Mike Enzi wa Wyoming alijaribu kuwaokoa kwa muswada, akagonga mwamba.

Mahakamani swali lilikuwa moja: fueli hii inalipuka au inaungua? Idara ilisema inaungua kwa kasi kiasi cha kuhesabika kilipuzi. Wanamichezo wakauliza: kasi gani, imepimwa wapi, na mpaka uko wapi? Februari 2006 Mahakama ya Rufaa iliirudishia idara jalada lake. Majaji walisema haikuonyesha ilitumia kipimo gani kufikia uamuzi huo. Idara ikapewa nafasi ya kujieleza upya, na maelezo hayakutosha. Machi 16, 2009, Jaji Reggie Walton aliufuta uamuzi wa kuihesabu fueli hiyo kuwa kilipuzi.

Ukisoma hukumu hizo unaona wazi kilichowapa ushindi. Si wingi wao wala fedha. Walikuwa na kanuni walizojiwekea wenyewe kabla ya serikali kuwauliza, na walizungumza kwa namba mbele ya chombo cha dola kilichokuja na mamlaka bila vipimo.

Rekodi nazo zilikuja. Hata kabla ya hukumu, Mei 17, 2004, roketi ya GoFast ilipaa kutoka jangwa la Black Rock, Nevada, ikawa ya kwanza ya wasio wataalamu kufika anga za juu. Aprili 25, 2009, Steve Eves, fundi wa bodi za magari kutoka Ohio, alirusha huko Maryland mfano wa Saturn V wenye urefu wa mita 11 na uzito wa kilo 750 hivi, ukashuka salama kwa miavuli. Mwaka 2024 wanafunzi wa chuo kikuu cha USC, California, walifikisha yao kilomita 143.

Huku kwetu wanafunzi wa JKUAT nchini Kenya, katika mradi wa Nakuja, wameshaunda na kurusha roketi zao. Tunawapigia makofi picha zinaposambaa mitandaoni, kisha tunasahau. Sisi tuna mazoea ya kusubiri ajali, halafu mkubwa mmoja anatoa tamko la kupiga marufuku. Vijana hawa wanahitaji chama, ngazi za vyeti na kiwanja kinachojulikana, na waziandike wao kanuni zao kabla hatujaandikiwa na mtu asiyejua tofauti ya kuungua na kulipuka.