Uvimbe wa utumbo mwembamba: Chanzo adimu cha upungufu wa damu

UVIMBE katika utumbo mwembamba ni ugonjwa adimu, lakini huweza kuvujisha damu kidogo kidogo kwa miezi kadhaa bila mgonjwa kuhisi maumivu. Dalili huwa ni uchovu, kizunguzungu, moyo kwenda mbio na weupe wa viganja. Damu ikivuja kwa wingi, choo huwa cheusi, chenye kunata na harufu kali, mithili ya lami.

Utumbo huo una urefu wa takriban meta sita, lakini uvimbe wake ni chini ya asilimia 5 ya uvimbe wote wa mfumo wa chakula. Baadhi si saratani. Nyingine ni adenokasinoma, limfoma, na uvimbe wa ukuta wa utumbo uitwao kwa kifupi GIST. Kwa wenye virusi vya Ukimwi, saratani ya Kaposi pia huweza kufika utumboni.

Mkoani Singida, kama kwingineko nchini, daktari huanza kuchunguza mambo ya kawaida: safura, kichocho, vidonda vya tumbo na matumizi ya dawa za maumivu kama diklofenaki. Huo ni utaratibu sahihi. Hatari ni kuishia hapo. Mgonjwa aliyetibiwa minyoo na kuongezewa damu, kisha damu ikapungua tena, hana budi kutafutiwa chanzo.

Kipimo cha kwanza ni endoskopia, yaani mpira wenye kamera unaopitishwa kinywani, na mwingine kwa njia ya haja kubwa. Hata hivyo, mipira hiyo haifiki sehemu kubwa ya utumbo mwembamba. Hapo ndipo huhitajika picha za CT au kidonge chenye kamera, kilichoanza kutumika mwaka 2001. Kidonge hicho hakifai utumbo ukidhaniwa kuziba, kwani huweza kukwama. Pasipo vifaa hivyo, na damu ikiendelea kutoka kwa wingi, daktari wa upasuaji hulazimika kufungua tumbo na kuupapasa utumbo wote.

Tiba huanza kwa kuokoa maisha: dripu na damu. Kisha sehemu yenye uvimbe hukatwa, ncha za utumbo huunganishwa, na kinyama hupelekwa maabara, kwani jibu lake ndilo linaloamua hatua inayofuata. Limfoma hutibiwa zaidi kwa dawa za saratani. GIST iliyosambaa hudhibitiwa kwa vidonge vya imatinibu.

Kutoka Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Singida, mgonjwa huweza kupelekwa Benjamin Mkapa, Dodoma, au Muhimbili, Dar es Salaam.

Mgonjwa amweleze daktari dawa zote anazotumia, maana vidonge vya madini ya chuma navyo hufanya choo kuwa cheusi. Anayetokwa na choo cheusi huku akiishiwa nguvu au kuzirai awahishwe hospitali siku hiyo hiyo.