Ambo, embwe na gundi: Historia iliyonata kwenye sufuria

Hivi karibuni nilikuwa mgeni katika boma moja Moiben, kaskazini-mashariki mwa mji wa Eldoret. Mjukuu wa mwenyeji wangu alirudi kutoka shuleni na ujumbe: kesho kila mtoto aje na gundi. Duka lilikuwa mbali na pesa hazikuwepo. Ajuza akateka vijiko vitatu vya unga wa ngano, akauvuruga kwa maji baridi kidogo mpaka madonge yakaisha, akaongeza kikombe cha maji, kisha akateleka sufuria jikoni akikoroga bila kupumzika.

“Kogo, si huo ni uji?” mtoto akauliza, akitumia neno ambalo Wakalenjin humwitia nyanya.

“Uji hunywewa. Huu unashika,” akajibiwa.

Kisayansi, kogo alikuwa sahihi kabisa. Chembe za wanga zikipata maji na joto hufura, hupasuka na kuwa rojo. Maji yakikauka, wanga huganda baina ya karatasi mbili na kuzishikanisha. Hata protini ya ngano inayoitwa gluteni ilipewa jina la Kilatini ambalo maana yake ni gundi. Pliny, mwandishi Mrumi aliyefariki mwaka wa 79, alieleza jinsi karatasi za mafunjo zilivyounganishwa kwa unga laini, maji yanayochemka na matone ya siki. Kumbe kogo wa Moiben na mafundi wa Roma walisomea jiko moja!

Lakini ngano yenyewe ni mgeni Uasin Gishu. Iliingia na walowezi, wakiwemo Makaburu waliofika kutoka Afrika Kusini mwaka wa 1908. Posta ilijengwa kwenye shamba nambari 64 na wenyeji wakaugeuza wito wa Kiingereza wa nambari hiyo kuwa Sisibo, jina ambalo wazee bado wanauitia mji wa Eldoret. Unga wa mlowezi uliishia katika sufuria ya mwenyeji, na baadaye ukabandika majalada ya magazeti kwenye vitabu vya watoto wa shule na kurasa kuukuu kwenye kuta za udongo.

Sasa tutazame maneno. Waswahili wa pwani walikuwa na vinatishi vingi kabla ya chupa ya dukani, na kila kimoja kilikuwa na jina lake. Ulimbo ni utomvu wa kunasia ndege. Embwe ni gundi iliyotokana na tunda la mbuyu. Sherisi ni neno lenye asili ya Kiajemi. Gundi nayo ilivuka bahari kutoka Bara Hindi, ambako neno gond hutaja utomvu wa miti. Yaani hata neno tunalolidhani kuwa letu kuliko yote lilishuka kutoka jahazini.

La kwetu hasa ni ambo, kitu kinachonata. Ni la ukoo mmoja na ambata, yaani kushikamana na kitu. Kile kipande -at- ndicho tunachokisikia katika kamata, fumbata na kumbatia, vitenzi vinavyobeba wazo la kugusana. Kutokana na ukoo huo tuna kiambatisho, tunachokituma kwa baruapepe kila siku, na kiambishi, kile kipande cha neno kinachobandikwa kwenye mzizi. Mwanafunzi anayechanganua “a-na-pik-a” anashughulika na gundi bila kujua. Tumelihifadhi tawi, tukalisahau shina.

Kwa nini tujali? Kwa sababu katika mitaa ya Eldoret, kama ilivyo katika miji mingine ya Kenya, neno gundi limepatwa na balaa. Ukilitamka, wengi hawafikirii daftari. Wanaona mtoto wa mtaani na chupa puani. Gundi ile ya kushonea viatu huwa na viyeyushi kama tolwini, ambavyo mvuke wake huharibu ubongo. Tunapotumia neno moja kwa rojo la unga na kwa sumu ile, tunamnyima mzazi njia ya kutofautisha anachopaswa kukiogopa na anachoweza kukipika mwenyewe.

Pendekezo langu ni dogo. Gundi ibaki jina la jumla. Rojo la unga tuliite ambo, na walimu wanaoagiza vifaa vya kazi za mikono waandike waziwazi: “ambo ya unga inatosha.” Neno hilo lingempunguzia mzazi gharama, lingemwondolea mtoto hatari, na lingekirudishia Kiswahili mali yake. Msamiati haufi kwa kukosa kamusi. Maneno haya yamo kamusini, yamelala. Hufa kwa kukosa sufuria.

Jioni ile ambo ilipoa. Kogo aliitia chumvi kidogo ili isiote ukungu upesi, akaifungasha katika kopo lililokuwa la jemu. Asubuhi mtoto alilibeba kwenda shuleni, akitembea polepole lisimwagike.