Limbuko na Uchawi: Habari za Mavuno katika Nachingwea na Ruangwa

Mtu anayefasiri maandishi ya kigeni juu ya sherehe za mavuno hukutana upesi na shida ambayo kamusi zetu hazimsaidii kuitatua. Katika Uingereza na Marekani wako watu wanaojiita wachawi bila haya, tena kwa fahari, ambao kila mwaka majani ya miti yanapoanza kupukutika huweka mezani mkate, matufaha na masuke ya nafaka, wakashukuru kwa mavuno. Katika Haiti wafuasi wa Vodou hawali viazi vikuu vipya, mwezi wa Novemba, mpaka vitolewe kwanza kwa roho waitwao lwa na kwa wazee waliokwisha kufa. Mfasiri akitaka kuwaeleza wasomaji wa Kiswahili habari hizi mbili hushika neno lililo karibu na mkono wake, nalo ni uchawi. Akisha kuliandika, maana imekwisha kuharibika.

Katika makala haya nataka kuonyesha ya kuwa neno hilo halifai kwa sherehe yoyote ya mavuno, na sababu zake sitazitafuta Ulaya wala Haiti. Nitazitafuta katika nchi ya Nachingwea na Ruangwa, kusini mwa Tanzania, ambako shukrani ya mavuno na tuhuma ya uchawi zimekaa jirani kwa muda mrefu pasipo wenyeji kuzichanganya. Jambo ninalotaka kusema ni hili: huko sherehe ya mavuno ni ushahidi wa mkulima mbele ya majirani kwamba hakutumia uchawi. Kuiita sherehe hiyo uchawi ni kumgeuza shahidi kuwa mshitakiwa.

Nachingwea na Ruangwa ni wilaya mbili za Mkoa wa Lindi, na ya pili ilimegwa kutoka ya kwanza. Wenyeji wake wengi ni Wamwera, na pamoja nao wako Wayao, Wamakua, Wamakonde na Wangindo. Mwaka wa huko umegawanyika nusu mbili. Mvua huanza kunyesha Novemba au Desemba na kukoma kama Aprili au Mei, kisha kiangazi huingia. Mahindi na mtama huvunwa baada ya mvua kwisha, ufuta hufuata, na korosho huokotwa kuanzia kama Oktoba. Kwa hiyo mavuno huko ni nusu ya mwaka nzima, nayo ndiyo nusu ya ngoma, ya arusi, na ya jando na unyago. Kwa kuwa watu hawawezi kuwaweka wari ndani na kuwaalika wageni mpaka chakula kiwe ghalani na mtama wa kupikia pombe uwepo.

Kiswahili kinalo neno lake kwa mwanzo wa majira hayo, nalo ni limbuko. Kulimbuka ni kuonja zao jipya kwa mara ya kwanza mwaka ule. Kulimbusha ni kumwonjesha mwingine. Wafasiri wa Biblia walilichukua neno hili, wakaandika malimbuko, wala hawakuona haja ya kutafuta jingine. Yafaa tuangalie umbo la vitenzi hivi viwili. Lugha yenyewe inatufundisha ya kuwa zao jipya lina utaratibu: yuko anayeonja, na yuko aliyestahili kuonjeshwa kabla ya wengine. Katika mila za kusini, mwenye haki ya kwanza ni mzee aliyekwisha kufa.

Wayao huita unga wa sadaka hiyo mbepesi. Wamakua huuita makeya. Mahali pake ni chini ya mti ambao Wayao huuita msolo na Wamakua mutholo, na sikio la kila Mbantu latambua kwamba hayo ni maneno ndugu. Mzee wa ukoo huumimina unga polepole penye shina mpaka ufanye kichuguu chenye ncha, huku akiwataja wazee kwa majina na kuwaeleza shida au furaha iliyomleta. Kichuguu kikikutwa kizima asubuhi, ombi limekubaliwa. Unga huo hutumika katika mambo mengi, kama vile safari, ugonjwa, jando na mavuno, na kila mara sharti ni moja: hufanywa wazi, mbele ya watu, na majina hutajwa kwa sauti.

Sasa tulinganishe na msamiati wa jambo la pili. Wayao huita uchawi usawi, na mchawi msawi, maneno ambayo ni ndugu ya yale ya Kiswahili. Wamakua humwita mchawi mukhwiri. Hakuna njia yoyote ya lugha inayotoka mbepesi kufika usawi, wala inayotoka makeya kufika mukhwiri. Lugha hizi mbili zimejenga ukuta kati ya mambo haya, na Kiswahili kimefanya vivyo hivyo kati ya tambiko na uchawi. Aliyeubomoa ukuta huo si msemaji wa lugha hizo.

Hata hivyo kuta mbili zilizo jirani huangaliana, na hapa ndipo habari yetu inapokuwa nzito. Katika nchi za kusini mchawi anayeogopwa zaidi majira ya mavuno ni yule anayesemwa kuwa na ndondocha. Ndondocha, ambaye sehemu nyingine huitwa msukule, ni mtu anayedhaniwa amekufa na kuzikwa, kumbe mchawi amemficha, naye humtumikia usiku shambani pasipo ujira wala usemi. Wamakonde ng'ambo ya Ruvuma wana neno la jamii hiyo hiyo, mandandosha. Basi mtu akivuna kupita kiasi, na majirani hawakuona jembe lake wala wasaidizi wake, swali huzuka: nani aliyelima? Swali hilo lahusu kazi. Ghala iliyojaa yadaiwa maelezo ya jasho lililoijaza.

Msomaji aliyesoma habari za Haiti ameshakumbuka zonbi, ambaye naye ni maiti mtumwa alimaye mashamba ya bwana wake. Sidai kwamba Wahaiti walijifunza habari hiyo kwetu, wala sisi kwao. Nataka tu tukumbuke historia iliyo sawa pande zote mbili. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alifanya mapatano na Sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka, na katika miaka ya mwisho ya karne ile merikebu za Kifaransa zilichukua watu wa pwani ya Msumbiji mpaka Saint-Domingue, ndiyo Haiti ya leo. Katika karne ya 19 misafara ya Wayao ilipita nchi za kusini kwenda Kilwa. Watu waliokwisha kuona jirani akitoweka, na kazi yake ikamtajirisha mwingine mahali asipoonekana, hawakuhitaji mwalimu wa kuwafundisha kumwogopa ndondocha.

Tukiyaweka mambo haya mawili pamoja, twaelewa kazi ya limbuko. Mwenye shamba anapowaita watu, akapika pombe, akamimina unga mchana na kuwataja wazee wake, anajibu swali kabla halijaulizwa. Waliolima naye wapo na wanakula. Wafu wake wamepewa haki yao, tena chini ya mti wao, hawakufichwa wakatumikishwa. Ndondocha ni mfu aliyenyimwa. Mzee wa msolo ni mfu aliyelimbushwa.

Kipimo hiki chatusaidia kuona matukio makubwa ya historia ya huko kwa jicho jingine. Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905 katika milima ya Umatumbi, na tendo la kwanza lilikuwa kung'oa pamba. Pamba ile ililimwa kwa amri ya Wadachi katika mashamba ya pamoja, na malipo yake yalikuwa madogo hata wengine wakayakataa. Dawa iliyotoka kwa Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe yasemekana ilikuwa maji pamoja na mafuta ya mbarika na mtama, yaani vitu vya shamba na vya jikoni. Mwezi wa Agosti vita vilifika kwa Wamwera, na misheni ya Nyangao ikateketezwa. Wadachi nao walipotaka kuvimaliza walichoma mashamba na ghala, na njaa ikaua watu wengi kupita risasi. Wanahistoria wengine hukadiria jumla ya waliokufa kuwa kati ya 250,000 na 300,000. Pamba ilikuwa zao lisilokuwa na limbuko: mlimaji hakulionja, wala hakumwonjesha mtu.

Miaka 42 baadaye Waingereza walileta Nachingwea mpango wa karanga. Ulianza 1947 ili kuwapatia watu wa Uingereza mafuta ya kula, ukaachwa 1951 baada ya kupoteza kama pauni milioni 36. Reli iliyojengwa kwa ajili yake, ambayo hatimaye ilifika bandari ya Mtwara, ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hapa pia shamba lilikuwa la serikali, mkono ulikuwa wa kibarua, na zao liliazimiwa kuliwa mbali.

Baina ya matukio haya mawili ndipo neno uchawi lilipopewa maana mpya kwa nguvu ya sheria. Sheria ya Uchawi ya Tanganyika, ya mwaka 1928, iliufafanua uchawi kwa upana mno: ndani yake mlikuwa na kuroga, na kutumia vyombo vya uchawi, na pia kudai kuwa na nguvu au elimu yoyote ya siri. Kwa ufafanuzi huo mganga na mchawi walivikwa kanzu moja, na mzee anayesoma dalili katika kichuguu cha unga hakuwa mbali na mlango wa mahakama. Sheria hiyo ingali katika vitabu vyetu. Waingereza wenyewe waliifuta mwaka 1951 ile sheria yao ya uchawi ya mwaka 1735, na mwaka 1954 Gerald Gardner akachapisha kitabu alichotangaza humo dini ya wachawi wa Kiingereza, ambayo leo huitwa Wika. Wafuasi wake huadhimisha mavuno ya nafaka siku ya kwanza ya Agosti, na tena mwezi wa Septemba usiku na mchana vinapolingana, sikukuu ambayo wengi huiita Mabon tangu miaka ya 1970. Katika Haiti nako Kanisa Katoliki liliendesha kampeni kali dhidi ya Vodou mwaka 1941 na 1942, lakini mwaka 2003 serikali iliitambua kuwa dini.

Wenyeji wa Nachingwea na Ruangwa hawakungoja sheria iwapatie neno jema. Baada ya Maji Maji Uislamu ulienea vijijini, na tambiko likapata jina la sadaka. Wakristo nao walitafuta njia. Mwaka 1913 Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu wa Masasi mwaka 1926, alianza kuwafanyia vijana jando la Kikristo, na hata leo makanisa yetu yana sikukuu ya mavuno, ambapo mahindi, kuku na mbaazi huletwa mbele na kunadiwa. Majina yamebadilika, sharti la uwazi limebaki.

Tatizo la siku hizi ni jingine. Ufuta na korosho za wilaya hizi huuzwa kwa mnada kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, kupitia chama kikuu cha ushirika cha RUNALI, na malipo huingia benki. Bei hujulikana na wote, na hilo ni jema. Lakini fedha ya benki haionekani kama kihenge, wala haina mti wa kuwekwa chini yake. Mtu aweza kutajirika kwa msimu mmoja pasipo jirani kuona jasho wala karamu, na tuhuma hupata nafasi palepale ushahidi ulipokoma. Twajua tuhuma hizo huishia wapi. Katika sehemu mbalimbali za Tanzania, hasa nchi za Ziwa, wazee, wengi wao wanawake, wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Neno linaloua yafaa liandikwe kwa hadhari.

Basi napendekeza mambo matatu kwa wenzangu watungao kamusi na wafasiri. Kwanza, uchawi libaki neno la madhara ya siri tu, kama wasemaji wanavyolitumia. Pili, dini za kigeni ziitwe kwa majina yao, Wika na Vodou. Na mfuasi wa Wika anapojiita kwa neno ambalo Kiswahili hukitaja kwa hofu, mfasiri aeleze tofauti hiyo katika matini. Tatu, mbepesi, makeya na msolo yakusanywe kutoka kwa wazee wangali wanayasema, na katika kamusi yawekwe pamoja na limbuko na sadaka, si chini ya kichwa cha ushirikina. Atakayeyakusanya aende mwezi wa Juni au Julai, wakati mtama umeingia ghalani, akubali kukaa mkekani na kulimbushwa kwanza, ndipo afungue daftari lake.