Kompyuta Ilivyofundishwa Kulala

Kompyuta ya ENIAC, iliyozinduliwa Philadelphia mwaka 1946, ilikuwa na vali za vioo zipatazo 18,000 na ilikula umeme wa kilowati 150 hivi. Mafundi wake walihangaishwa zaidi na vali zilizoungua kuliko bili ya umeme. Katika miongo iliyofuata ufanisi uliongezeka bila mtu kuutafuta kwa sababu ya mazingira. Transista ilichukua nafasi ya vali, kisha ikazidi kuwa ndogo. Mwaka 1974 Robert Dennard na wenzake wa IBM walieleza sababu ya nafuu hiyo: transista inapopunguzwa ukubwa, volti nayo huweza kushushwa, hivyo nyingi zaidi huenea katika kipande kilekile bila kuongeza joto.

Upotevu mkubwa ulikuwa kwingineko. Kufikia miaka ya 1980 kompyuta zilikuwa zimejaa maofisini, na nyingi ziliachwa zikiwaka usiku kucha, kompyuta na skrini yake, bila mtu mezani. Dawa ilikuwepo tayari kwenye kompyuta za mkononi. Kwa kuwa betri haina subira, mwaka 1990 Intel ilitoa prosesa ya 386SL, iliyoweza kujipunguzia kazi wakati hakuna linalofanyika. Kompyuta ya mezani haikuwa na betri ya kuisukuma, na mnunuzi wake mara nyingi hakuwa ndiye mlipa bili.

Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani, EPA, liliingilia kati mwaka 1992 kwa njia ya upole. Badala ya kutunga sheria, John Hoffman na wenzake walianzisha lebo ya hiari, Energy Star, na bidhaa za kwanza kuibeba zilikuwa kompyuta na skrini. Sharti lilikuwa jepesi: kifaa kisipotumiwa kwa muda kijishushe chenyewe hadi wati 30 au chini yake. Lebo tupu huenda isingefika mbali. Kilichoipa nguvu ni amri ya Rais Bill Clinton ya Aprili 1993, iliyozitaka idara za serikali kuu kununua kompyuta zenye lebo hiyo. Hakuna mtengenezaji aliyetaka kumkosa mteja wa ukubwa huo. (Zile picha zinazochezacheza kwenye skrini iliyoachwa, ambazo wengi walidhani zinaokoa umeme, haziokoi chochote, skrini huendelea kuwaka.)

Kifaa cha ndani kinachobadili umeme wa ukutani kuwa wa volti ndogo nacho kilichelewa kuangaliwa. Vingi vilipoteza karibu theluthi moja ya umeme kama joto. Mpango wa 80 Plus, ulioanza mwaka 2004, uliwataka watengenezaji wafikie ufanisi wa asilimia 80, na mwaka 2007 Energy Star ikaufanya kuwa sehemu ya masharti yake.

Wakati huohuo palizuka ubishi. Mwaka 1999 jarida la Forbes lilichapisha makala ya Peter Huber na Mark Mills iliyodai kwamba intaneti ilikuwa ikila asilimia 8 ya umeme wa Marekani. Jonathan Koomey na wenzake wa Lawrence Berkeley National Laboratory walipiga hesabu upya na kukuta kwamba hata vifaa vyote vya ofisi na mitandao, vikijumlishwa, havikuzidi asilimia 3 hivi. Dai la kwanza liliendelea kunukuliwa kwa miaka, kwani tarakimu ya kutisha husafiri upesi. Koomey aliifanya kazi hiyo ya kupima kuwa taaluma yake. Mwaka 2011 yeye na wenzake walionyesha kwamba tangu enzi za ENIAC, hesabu zinazofanywa kwa kila kilowati-saa zilikuwa zikiongezeka maradufu kila mwaka mmoja na nusu hivi.

Kufikia hapo mwendo huo ulikuwa umeanza kupungua. Katikati ya miaka ya 2000 volti iligoma kushuka zaidi, joto likapanda, na mwaka 2004 Intel ikafuta prosesa yake ya Tejas na kugeukia zenye viini vingi. Kazi nazo zilihamia vituo vya data. Ripoti ya EPA ya mwaka 2007 ilikadiria kuwa vituo vya Marekani vilitumia kilowati-saa bilioni 61 mwaka 2006, na kuonya kuwa kiasi hicho kingeweza kuongezeka maradufu katika miaka mitano. Haikuwa hivyo: mwaka 2014 vilitumia bilioni 70 tu. Seva moja ilibebeshwa kazi za kadhaa, na kipimo cha PUE, kinacholinganisha umeme wote wa kituo na ule unaofikia kompyuta zenyewe, kilifichua ni kiasi gani kilikuwa kikiishia kwenye viyoyozi.

Akili mnemba imevuruga hesabu hiyo. Ripoti ya maabara hiyohiyo ya Berkeley ya Desemba 2024 inasema vituo vya Marekani vilitumia kilowati-saa bilioni 176 mwaka 2023, yaani asilimia 4.4 ya umeme wote wa nchi, na inakadiria kuwa sehemu hiyo itakuwa kati ya asilimia 6.7 na 12 kufikia mwaka 2028.